Aliyekuwa na Nyanya Kiangazi

Kitu cha kwanza kilichonichukiza kwake ni kwamba hakuwa anaita wateja. Sisi wengine wote sokoni tulikuwa tunaita. Tulitaja bei kwa sauti, tuliwashika watu mikono, tuliwaita warembo hata kina mama waliotoka shamba na tope hadi magotini. Yeye alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza, sweta la bluu mabegani hata jua likiwaka, akipangusa nyanya moja moja kwa kipande cha kanga, na watu wakaja. Walipita mbele ya meza yangu, wakanisalimia, "Habari za leo, Mama Koku," kisha wakaenda kusimama kwake.

Nilikaa naye meza kwa meza miaka mingi, katika soko letu la njia panda upande wa Rugera. Ukisimama katikati yetu ukanyoosha mikono, ungegusa nyanya zake kwa mkono mmoja na zangu kwa mwingine. Mtu ukimwonea wivu naye anakaa kijiji cha mbali, siku nyingine unamsahau. Mimi nilikuwa kila nikiinua macho namwona akimfungia mtu nyanya.

Namwita jirani, kwa sababu ndivyo nilivyomwita nilipomsema kwa watu. Usoni kwake nilimwita dada, maana alinizidi umri, na kila asubuhi ilinibidi nimwamkie.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mmeamkaje huko? Yule ng'ombe ameanza kula?"

Alikumbuka mambo ya watu. Alikumbuka ng'ombe wetu anaumwa kwato, mume wangu ana kikohozi, migomba ya shemeji yangu imeingiwa na mnyauko. Aliuliza polepole, akasubiri jibu. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa na majivuno. Ningepata cha kushika.

Asiyefanya biashara ya mboga anadhani bei inapandishwa na muuzaji anayeamka na tamaa. Sisi tunaijua inakotoka. Masika yakizidi, nyanya zinashikwa na ukungu, zinaoza zikiwa bado kwenye mti, na njia za kutoka mashambani zinakuwa tope lisilopitika kwa pikipiki. Mvua zikipungua, kila aliyepanda anavuna wiki zilezile, na nyanya zinajaa sokoni mpaka tunazikanyaga. Halafu kinaingia kiangazi. Rweya, ile nyika ya malisho juu ya vilima, inakauka mpaka unaona ng'ombe wakitembea ndani ya vumbi lao wenyewe. Majani ya migomba yanabadilika rangi. Sokoni tunabaki na vitunguu, dagaa na maharage makavu. Bei ya fungu la nyanya huenda isibadilike sana. Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Wakati wa neema huwezi kulibeba kwa mikono miwili. Kiangazi ni nyanya tatu zinazotazamana.

Na jirani yangu alikuwa na nyanya kiangazi. Kila kiangazi. Hazikuwa nyingi, matenga mawili, siku nyingine matatu, lakini zilikuwa nyekundu, ngumu, zenye ngozi inayong'aa, wakati nyanya pekee nilizoweza kupata mimi zilikuwa zimetoka mbali kwenye lori na nusu yake zimeshakuwa rojo. Kulikuwa na siku meza yake ilifunikwa turubai tangu asubuhi. Kesho yake nyanya zilikuwepo. Ukimuuliza alikuwa wapi, alijibu jibu lilelile.

"Nilikwenda kuwaona wagonjwa."

"Wagonjwa wa wapi, dada?"

"Huko huko."

Nilimwambia mume wangu, hawa ni wagonjwa gani ambao ukiwatembelea wanakupa matenga ya nyanya? Akacheka, akasema huenda wanaumwa kushiba. Mimi sikucheka. Wapo wenzetu sokoni waliosema ana dawa, kwamba kuna kitu kimefukiwa chini ya meza yake. Kuna siku nilisadiki. Siku moja alipokwenda msalani niliinama nikachungulia huko chini. Niliona chupa ya uji, kandambili za akiba, na bakuli la nyanya zilizopasuka ambazo alikuwa amezitenga ale mwenyewe. Nilirudi kukaa nikiwa na hasira zaidi kuliko kama ningekuta hirizi.

Bei ilipopanda hakuwa anaomba radhi kama sisi. Sisi tuliapa, tukamtaja Mungu, tukasimulia habari za mafuta na barabara. Yeye alisema, "Bei imeamka vibaya leo," akanyamaza. Mteja akinung'unika, alimwacha anung'unike. Akitukanwa, alimwacha amalize, kisha akauliza, "Nikufungie?" Na huyo aliyetukana alifungiwa, akalipa, akaondoka akisema asante. Mimi mteja akininung'unikia nilimjibu, tukajibizana, na mwisho wake alivuka hatua moja kwenda meza ya pili.

Kuna mchungaji wetu mmoja wa Kilutheri aliyekuja kiangazi fulani. Alikuwa na wageni wa kanisa nyumbani kwake na alitaka apunguziwe. Jirani yangu alikuwa mwimbaji wa kwaya katika usharika huohuo, mstari wa mbele, na kila mtu sokoni alisimamisha shughuli zake asikie atajibuje.

"Baba Mchungaji," akasema, "nyanya hizi bado hazijabatizwa. Mpagani na mkristo bei ni ileile."

Soko zima lilicheka. Mchungaji naye alicheka, akalipa bei kamili. Mimi ningesema maneno hayo, ningeitwa kwenye baraza la wazee wa kanisa.

Na siku hiyohiyo, sijui kama ilikuwa kabla au baada, alikuja mama mmoja wa wafugaji kutoka rweya, mtoto mgongoni. Alikuwa amebeba maziwa ya kuuza, lakini njiani jua lilikuwa limeyachachua, na watu wote walikuwa wamefungua kifuniko, wakanusa, wakakataa. Alisimama mbele ya meza zetu. Mimi nilitazama pembeni. Jirani yangu akamuuliza, "Maziwa hayo yana mwenyewe?" Akachukua, akayanywa palepale akiwa amesimama, akapangusa midomo, akasema, "Matamu, waitu," kwa lile neno letu la heshima. Akampa yule mama fungu la nyanya na vitunguu, kana kwamba ni malipo halali ya kitu kizuri. Yule mama alipokwisha kupotea kwenye umati, jirani yangu alikwenda nyuma ya choo akatapika. Nilimsikia. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akaendelea kupangusa nyanya. Hakuwa mtu wa maziwa kabisa. Hata kwenye chai hakuyaweka.

Basi mtu wa namna hiyo utamchukiaje? Nilijitahidi. Nilijisaidia kwa kukumbuka jinsi alivyokuwa mgumu kwetu, wenzake wa biashara. Kwa mteja alikuwa na huruma zinazokuja na kuondoka, kwetu hakuwa nazo hata kidogo. Kiangazi kimoja kilichokuwa kibaya kuliko vingine, meza yangu ilikuwa na vitunguu na kabichi mbili zilizoanza kunyauka. Nikamgeukia.

"Dada, nigawie tenga moja. Nitauza kwa bei yako, sitaishusha."

Alizitazama zile nyanya, kisha akanitazama mimi.

"Mdogo wangu, hizi zina wenyewe."

"Wenyewe ni kina nani?"

"Wanaokuja."

Na katika waliokuja siku hiyo, wa kwanza kabisa alikuwa mama mkwe wangu. Tunaishi naye nyumba moja. Uji anaokunywa asubuhi naupika mimi. Alipita mbele ya vitunguu vyangu na mkongojo wake, akasimama kwa jirani, akachagua nyanya kwa kuziminya moja moja, na alipogundua namwangalia akasema bila aibu, "Hizi zinaiva vizuri kwenye ndizi." Jioni ilinibidi nizipike mwenyewe. Zilikuwa nzuri. Zilitoa mchuzi mzito, mwekundu, ukashika kwenye ndizi, na watoto wakaramba sahani. Niliongeza chakula mara ya pili.

Siku moja ambayo yeye hakuja, nilijaribu kumwiga. Niligeuza ndoo nikakalia. Nikanyamaza. Nilikaa hivyo asubuhi nzima, na watu walipita wakiniuliza kama naumwa.

Lakini hayo yote ya wateja na mama mkwe ningeyavumilia. Yaliyonishinda yalikuja na binti yangu.

Koku ni mtoto wangu wa kwanza. Alimaliza kidato cha nne, na alipokuwa anasubiri matokeo nikamwambia aje tukae wote mezani badala ya kuzurura. Nilifurahi. Nilimnunulia aproni yenye mifuko. Mwanzoni alikaa upande wangu kweli. Kisha jirani yangu akamwomba amletee maji ya kunyunyizia mboga. Kesho yake akamwomba amshikie meza kidogo. Kabla mwezi haujaisha, nikimtafuta Koku namkuta kwake, wameinamiana, wanachambua tenga. Zinazoiva leo huku, za kesho huku, za keshokutwa chini. Walikuwa wanacheka mambo ambayo sikuyasikia. Mimi mtoto wangu nikimwambia jambo anajibu "ndiyo mama" akiwa anatazama simu. Kwa yule alikaa bila simu.

Akaanza kumwita mama mkubwa. Sikumfundisha.

Siku moja kulikuwa na watu wengi, siku ya gulio, na kabichi zangu zilikuwa zinakaa tu. Koku alikuwa amesimama nami.

"Koku, ita watu!"

"Watakuja, mama," akasema. Alikuwa ameshika kipande cha kanga, anapangusa nyanya. Hata jinsi alivyoinamisha shingo haikuwa ya kwetu. Nilimnyang'anya kile kipande cha kanga nikakitupa chini ya meza, na yeye akanitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla.

Magoti ya jirani yangu yalianza kumsumbua baada ya hapo. Aliinuka kutoka kwenye ndoo kwa kushika ukingo wa meza, akasimama kwanza akisubiri maumivu yapungue ndipo apige hatua. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Nilikuwa nawaza, na sisemi uongo, kwamba mwaka huu hatakwenda popote na tutakuwa sawa. Asubuhi moja akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Hakuwa na kawaida hiyo.

"Mama Koku, nina ombi. Mimi pikipiki siiwezi tena. Nataka nimwonyeshe mtu njia."

Kwa sekunde chache nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote sokoni. Miaka yote ile nilikuwa nangoja sentensi hiyo.

"Njia ya kwa wagonjwa?" nikauliza.

Akatabasamu. "Hiyohiyo. Nakuomba mtoto."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, mikono yangu iliendelea kupanga vitunguu yenyewe.

"Na mimi je?" nikasema. "Magoti yangu mazima."

"Wewe una meza yako."

"Koku ana kazi nyumbani," nikamjibu. "Kahawa imeiva. Hawezi."

Alirudi kwake akikanyaga taratibu. Meza yake ikaanza kupungua, siku kwa siku, mpaka ikawa kama yangu, na mimi nikaona kwamba sikupata raha niliyoitarajia. Wateja waliokuwa wanakuja kwake hawakuhamia kwangu. Waliacha tu kuja upande wetu. Nyumbani Koku alichuma kahawa akiwa kimya, hakununa, hakulia, alinijibu kila nilichouliza, na huo ukimya wake ulikuwa ule ninaoujua vizuri kutoka meza ya pili. Mume wangu alinisubiri mpaka tukabaki wawili.

"Unamnyima nani?" akauliza. "Mtoto au yule mama?"

Jumatatu iliyofuata nilimwambia Koku aende. Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Nilifanya hivyo kwa sababu meza yangu ilikuwa tupu na karo za wadogo wake zilikuwa zinakaribia.

Walikwenda kwa pikipiki mbili, jirani yangu akiwa amefunga magoti yake kwa vitambaa. Koku alirudi jua linazama, nywele nyeupe kwa vumbi, na kabla hajanawa nikamkalisha.

"Ni wapi?"

"Bugomora, mama. Mbali, Kyerwa kule. Unashuka bondeni mpaka karibu na mto. Kuna mzee na watoto wake na majirani zake, wanamwagilia kiangazi chote. Mama, wanabeba maji kwa ndoo, mstari kwa mstari. Mmoja ana pampu, wanaazimana."

"Kwa nini wanampa yeye?"

Koku akanieleza, na nilivyomwona anavyoeleza nilijua tayari amelipenda jambo hilo. Kuna mwaka nyanya zilijaa kupita kiasi, magari ya wanunuzi yalichukua za karibu na barabara yakaacha za bondeni. Wale watu wa Bugomora walizunguka masoko yote na matenga kwenye baiskeli. Hakuna aliyezitaka, kila meza ilikuwa imejaa. Jirani yangu, aliyekuwa akinunua kwao kidogo tangu zamani, aliwapigia simu akawaambia walete. Alizichukua kwa bei aliyokuwa amewaahidi kabla hazijajaa, wiki baada ya wiki, akauza kwa ndoo, akagawa kwenye jiko la shule, zilizobaki akazikata na kuzianika juani mpaka ua wake wote ukawa mwekundu.

"Mzee anasema wakati ule alikuwa ameshaamua kung'oa kila kitu apande mahindi," Koku akasema. "Wanamwita binti yao. Tulipofika, bibi wa pale alitoka na unga mikononi, akamshika uso."

Niliukumbuka msimu huo. Wote tuliukumbuka. Tulipopita kwake tukaona mikeka ya nyanya kwenye ua tulicheka tukasema mwenzetu amechanganyikiwa.

Usiku huo nililala nikitazama bati. Ningetaka iwe dawa. Dawa ningeisamehe, maana dawa mtu ananunua, hata mimi ningeweza kununua. Hili lilikuwa jambo ambalo lilikuwa mbele yangu siku zote, meza kwa meza, na hakunificha. Alilifanya mchana watu wakiona.

Baada ya misimu michache akaacha soko kabisa. Meza yake alimwachia Koku. Kwa hiyo sasa jirani yangu ni mwanangu wa kumzaa. Anakaa anapangusa nyanya, na watu wanapita mbele yangu, wananisalimia kwa heshima zaidi kuliko zamani kwa sababu mimi ni mama yake, kisha wanakwenda kusimama kwake. Kiangazi cha kwanza akiwa peke yake, nyanya zilipofika, alinyanyua tenga zima akaliweka juu ya meza yangu.

"Hili lako, mama."

"Si zina wenyewe?"

Hakuelewa nilichokuwa nasema. Alikuwa ameshageuka kumhudumia mtu. Nililichukua lile tenga, nikaliuza lote, na sikumshukuru mpaka jioni tukiwa njiani.

Nilimwona jirani yangu mara ya mwisho masika haya. Mvua zilikuwa zimenyesha bila kupumzika, na siku lilipotoka jua kidogo nilifunga sukari na mche wa sabuni kwenye kanga, nikaenda Nyakasimbi, kwake. Niliwaambia nyumbani nakwenda kumjulia hali. Ukweli ni kwamba nilikuwa na swali.

Anaishi ndani ya kibanja chake, migomba imezunguka nyumba mpaka mlangoni, kahawa chini yake. Nilimkuta ukumbini juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, anamenya ndizi. Masikio yake yameondoka. Ilibidi nimwamkie mara mbili, ya pili nikiwa nimemwinamia.

"Marahaba, mdogo wangu! Karibu, karibu. Keti. Mume hajambo? Kile kikohozi?"

Nilichukua kisu kingine nikaanza kumsaidia kumenya. Tulizungumza juu ya mvua. Alisema ana mpwa wake anayeishi naye lakini mchana wote yuko shambani, na kwamba watu wa kwaya walikuja mara moja. Alisema siku ni ndefu. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayetaja bei.

Nikamuuliza kwa sauti, sikuwa na namna nyingine, kuku wakakimbia.

"Dada! Kwa nini hukunionyesha mimi njia?"

Alisikia. Aliendelea kumenya mpaka akaimaliza ile ndizi, akaitia kwenye maji.

"Wewe ungenishinda," akasema.

"Nini?"

"Ningekupeleka mara moja. Mara ya pili ungekwenda peke yako. Mara ya tatu wale wazee wangekuwa wako, mimi wananiuliza kwani huyu ni nani. Wewe una nguvu, una familia, ungefanya vizuri kuliko mimi. Nilikuwa naliona hilo tangu siku ulipoweka meza." Alichukua ndizi nyingine. "Mtoto bado ananipigia simu. Kila siku ya nyanya ananipigia. Wewe usingenipigia."

Nilitaka kumwambia ningempigia. Nilifungua mdomo nikaona kwamba sina hakika. Na kilichonijia wakati huo, badala ya huruma, kilikuwa furaha, furaha kali ya kijinga, kwamba miaka yote ile alikuwa ananiangalia kwa pembe ya jicho kama nilivyokuwa namwangalia. Halafu furaha hiyo ikageuka, maana nilisikia alichosema mwishoni. Kila siku ya nyanya. Mimi Koku akiwa na shida ya biashara huwa ananiambia "hakuna shida, mama."

Simu yake iliita palepale, chini ya upande wa kanga. Yeye hakuisikia, nilimgusa bega. Aliitazama, uso ukamchangamka, kisha akaninyooshea.

"Shika wewe. Siku hizi mpwa wangu, akiwepo, ndiye ananisikilizia. Muulize ana nini, uniambie."

"Shikamoo mama mkubwa," Koku akasema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko. "Mama mkubwa, leo kuna matata."

"Ni mimi," nikasema.

"Mama? Unafanya nini huko?"

"Nimekuja kumsalimia. Sema, namwambia."

Alisita, kisha akasema. Pikipiki iliyotoka Bugomora ilikuwa imekwama kwenye tope, limefika tenga moja tu. Kuna mtu ana gari, anataka achukue lote kwa bei ya juu, apeleke mjini. Wateja wake wa kila siku wamesimama pale wanasubiri. Na mzee wa bondeni amesema mvua imemla sana, anaomba aongezwe.

Nilimwinamia jirani yangu sikioni nikamwambia neno kwa neno. Alisikiliza amefumba macho.

"Mwambie wa gari aende. Mtoto afunge mafungu madogo, kila mtu apate. Mzee amwongeze, leo hii, asingoje aombwe mara ya pili."

Nikamwambia Koku. Niliyapeleka maneno yale kwenda na kurudi, mtoto wangu kwenye sikio moja, yule mama mbele yangu, nami katikati. Nilitamani kubadilisha hata neno moja. Sikubadilisha.

"Haya," Koku akasema. "Nitafanya hivyo." Nilikuwa nataka kukata simu. "Mama, bado upo?"

"Nipo."

"Njoo. Watu ni wengi na yule wa gari hataki kuondoka. Nimewaambia hakuna shida lakini mimi naogopa. Njoo usimame na mimi."

Sauti yake ilikuwa ile ya alipokuwa mdogo, akiniita kutoka chumbani umeme ukikatika. Nikasema, "Nakuja," nikazima.

Jirani yangu alikuwa ameinua uso, kisu kimesimama hewani, ananisubiri.

"Kasemaje mwishoni?"

Nilimwekea simu juu ya mkeka karibu na mkono wake.

"Imekatika," nikamwambia, nikaanza kutafuta viatu vyangu mlangoni.